Fani Mbili, Zamu Moja

Kitu adimu kuliko vyote katika mchezo wa Dungeons & Dragons si dhahabu, si panga za kichawi, wala si pointi za uhai. Ni zamu. Mchezaji anaweza kukaa mezani saa nne, na katika pambano kubwa la usiku huo mhusika wake akapata kutenda mara tatu au nne tu kabla zimwi halijaanguka, au kabla hajaanguka yeye. Walioutunga mchezo wanalijua hilo. Kitabu cha mwendesha mchezo cha mwaka 2014, kinapofundisha namna ya kukadiria ukali wa zimwi jipya, hutaka wastani wa madhara yake uhesabiwe kwa raundi 3. Raundi moja ni sekunde 6 za dunia ya hadithi. Basi vita vyenyewe, pamoja na hofu yake na ushindi wake, mara nyingi havifiki nusu dakika, na ndani ya muda huo kila mmoja ana zamu zake chache za kuonyesha yeye ni nani. Anayetaka kumpa mhusika wake fani mbili, naona, aanzie hapo kwenye zamu. Wengi huanzia kwenye orodha ya mambo ambayo mhusika atakuwa na uwezo wa kuyafanya. Orodha hiyo hunenepa upesi, ilhali zamu hazinenepi.

Kwa asiyeujua mchezo huu, picha yake ni nyepesi. Watu wanne au watano wameizunguka meza. Mmoja ni mwendesha mchezo: anasimulia dunia, anaigiza maadui na wenyeji, anaamua matokeo kwa mujibu wa kanuni. Wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, mwenye sifa sita zilizopewa namba: Nguvu, Wepesi, Siha, Akili, Busara na Haiba. Penye shaka hurushwa dadu ya pande 20. Fani ndiyo kazi ya mhusika, na hupandwa kwa ngazi kuanzia 1 hadi 20. Majina ya fani nitayatoa kwa Kiswahili: askari, kuhani, malenga, mtawa, mnyemelezi anayepiga kutoka kivulini, mbabe anayepigana kwa ghadhabu, shujaa wa kiapo, msomi wa uchawi aliyejifunza vitabuni, mchawi wa kuzaliwa, na mchawi wa agano aliyepewa uwezo na kiumbe mkubwa kuliko yeye. Neno mchawi halina sifa njema katika lugha yetu, lakini humu halimaanishi mtu wa husuda; ni mtu anayenuiza maneno na jambo likatendeka. Wengi siku hizi wamekutana na kanuni hizi kupitia Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2023 na studio ya Larian ya Ubelgiji. Humo mhusika hubadilishiwa fani zote kwa vipande 100 vya dhahabu, kwa hiyo kosa la kuchanganya vibaya hufutika papo hapo. Mezani hakuna duka la namna hiyo, isipokuwa mwendesha mchezo akihurumia, na mhusika aliyejengwa vibaya huchezwa hivyo hivyo kwa miezi.

Kanuni yenyewe ya kuchanganya, katika toleo la 2014, ni fupi. Kila mhusika anapopanda ngazi, mchezaji anaweza kuongeza ngazi katika fani aliyo nayo au kuchukua ngazi ya kwanza ya fani nyingine, mradi sifa kuu za fani zote mbili zimefika 13. Askari wa ngazi 3 anayechukua ngazi 2 za usomi wa uchawi anahesabiwa kuwa mhusika wa ngazi 5. Na hapo kwenye ngazi ya 5 ndipo penye mtego, kwa sababu mchezo umepangwa ili wahusika waruke juu kwa ghafla wanapofika hapo. Askari aliyeshika njia moja hupata pigo la pili ndani ya tendo lile lile. Msomi hupata manuizo ya daraja la tatu, ukiwamo mpira wa moto unaorusha dadu 8 za pande 6, wastani wa madhara 28, kwa kila aliye ndani ya mita 6 kutoka ulipolipukia. Sasa mtazame mchanganyaji wetu. Askari kamili wa ngazi 5 mwenye Nguvu 18 akipata mapigo yote mawili kwa upanga mrefu hutoa wastani wa 17. Askari wa ngazi 3 hajafika ngazi ya 4 ya fani yake, ambako sifa huongezwa, kwa hiyo Nguvu yake imebaki 16. Anapiga mara moja, wastani 7.5. Akiamua kunuiza, ngazi zake 2 za usomi zinampa mishale ya uchawi isiyokosa shabaha, yenye wastani wa 10.5. Karatasi yake ina mambo mengi kuliko ya mwenzake yeyote, lakini kila zamu yake inapofika anachagua ama kuwa nusu ya askari ama kuwa theluthi ya msomi. Hawezi kuwa vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu tendo kuu ni moja.

Kuna anayesema tatizo hapo ni ngazi, si zamu: mchanganyaji amechelewa tu, mpe muda. Historia ya mchezo inajibu hoja hiyo vizuri, maana bei ya ngazi imebadilishwa mara nyingi mno tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa toleo la kwanza mwaka 1974. Katika toleo hilo kulikuwa na fani tatu tu, mpiganaji, mnuizaji na kuhani, na kiumbe wa jamii ya elfi ndiye aliyeruhusiwa kuwa mpiganaji safari hii na mnuizaji safari ijayo, lakini si kubadilika katikati ya safari. Mwaka 1978, katika kitabu cha wachezaji cha toleo lililoitwa Advanced, elfi na jamii nyingine zisizo za binadamu zilishika fani mbili au tatu kwa wakati mmoja, na pointi za uzoefu zikagawanywa sawa. Ukisikia kugawanywa utadhani bei ni kali. Haikuwa hivyo, kwa sababu pointi zilizohitajika kufikia ngazi iliyofuata zilikuwa kama mara mbili ya zile za ngazi iliyotangulia. Mpiganaji mwenye pointi 84,000 alikuwa ngazi ya 7. Elfi mwenye pointi hizo hizo, 42,000 kila upande, alikuwa mpiganaji wa ngazi 6 na pia mnuizaji wa ngazi 6. Alikuwa amelipa ngazi moja tu kwa fani nzima. Breki kubwa iliyowekwa ilikuwa kikomo: jamii hizo zilizuiwa kupanda zaidi ya ngazi fulani katika fani nyingi, binadamu hakuzuiwa. Binadamu naye akitaka fani ya pili aliiacha ile ya kwanza na kuanza upya chini kabisa, na akitumia ujuzi wake wa zamani kabla ule mpya haujaupita, alikosa pointi za uzoefu za safari hiyo.

Toleo la tatu la mwaka 2000 liligeuza mambo. Kila ngazi ikawa kama tofali, mtu anaongeza tofali la fani yoyote. Lakini mahitaji ya pointi za uzoefu hayakuongezeka tena mara mbili kwa kila ngazi, na manuizo yakaendelea kufuata ngazi za fani yake peke yake. Askari 5 na msomi 5 akawa na manuizo ya daraja la tatu wakati msomi kamili wa ngazi 10 ana daraja la tano. Bei iliyokuwa rahisi kupita kiasi mwaka 1978 ikawa ghali kupita kiasi kwa wanuizaji, hata toleo lililorekebishwa la 2003 likaweka katika kitabu cha mwendesha mchezo fani maalumu, Mystic Theurge, iliyokuza manuizo ya pande mbili kwa pamoja. Toleo la nne la mwaka 2008 lilikwepa suala zima kwa kuuza vipande vidogo vidogo vya fani nyingine, na la tano la 2014 likarudi kwenye matofali lakini likaunganisha hesabu ya nafasi za kunuiza, yaani idadi ya manuizo ambayo mhusika anaweza kuyatumia kabla ya kupumzika. Miaka hamsini ya marekebisho, na ukiyapanga yote pamoja unaona jambo moja: bei ya ngazi imepandishwa na kushushwa kila toleo, lakini tendo limebaki lile lile. Hata elfi wa 1978, aliyepata fani ya pili karibu bure, raundi ilipofika alipiga upanga au alinuiza. Ndiyo maana nasema ngazi ni bei inayoonekana tu. Ile inayolipwa kila usiku wa mchezo ni zamu.

Zamu ya toleo la tano ina sehemu zake, na hapo ndipo fani ya pili inapotafutiwa mahali pa kukaa. Kuna tendo kuu moja. Kuna tendo dogo moja, ambalo mhusika huwa nalo pale tu kitu fulani kinapompa. Kuna mwendo. Kuna mwitikio, unaotumika nje ya zamu yake, mara moja kila raundi. Askari wa kawaida hutumia tendo lake kuu kila mara, na siku nyingi tendo lake dogo hukaa bila kazi. Mnyemelezi wa ngazi 2 hujifunza kukimbia, kujinasua au kujificha kwa tendo dogo. Mpiga upinde mwenye ngazi 5 au zaidi za askari akiongeza ngazi hizo 2 hapunguzi hata mshale mmoja katika zamu yake. Anapiga, kisha anajificha, na sehemu iliyokuwa tupu imepata kazi. Mtawa akifanya vivyo hivyo hapati kitu kikubwa, kwa sababu tendo dogo la mtawa lina kazi tayari: ngumi ya ziada. Fani hiyo hiyo ya mnyemelezi, ngazi hizo hizo mbili, kwa mmoja ni faida na kwa mwingine ni foleni mlangoni.

Kuna uoanishaji bora zaidi ya huo, nao ni pale fani mbili zinapokutana ndani ya pigo moja. Shujaa wa kiapo, kwa kanuni za 2014, anapopiga shabaha anaweza kuunguza nafasi moja ya kunuiza na kuongeza madhara matakatifu: dadu 2 za pande 8 kwa nafasi ya daraja la kwanza, hadi dadu 5 kwa daraja la nne. Shida yake ni kwamba nafasi hizo ni chache. Shujaa kamili wa ngazi 10 ana nafasi 9, na ya juu kabisa ni ya daraja la tatu. Mpe ngazi 6 za ushujaa na 4 za uchawi wa kuzaliwa: kwa kuwa kanuni huhesabu nusu ya ngazi za shujaa na ngazi zote za mchawi, anakuwa na nafasi za mnuizaji wa ngazi 7, jumla 11, moja ikiwa ya daraja la nne. Hakuongeza tendo hata moja. Upanga ni ule ule na zamu ni ile ile, ila sasa kila pigo lina kuni nyingi zaidi za kuliwasha. Fani zote mbili zinategemea Haiba, kwa hiyo hakulazimika kugawa sifa zake, na kwa kuishika ngazi ya 6 ya ushujaa kabla ya kuhama amebaki na pigo la pili pamoja na ule uzio wa kiapo unaowaongezea yeye na wenzake walio ndani ya mita 3 Haiba yake katika kila mtupo wa kujinusuru, yaani dadu inayorushwa kuhimili hatari. Malenga na mchawi wa agano nao ni watu wa Haiba. Hizo fani nne huchanganywa mara nyingi, na sababu ni hiyo ya kushiriki sifa moja, wala si kwamba hadithi zao zinafanana.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mbabe na mnyemelezi, kwa sababu kwa mtazamo wa kwanza hawana lugha moja. Mmoja anavamia akipiga kelele, mwingine anatembea kwa vidole. Lakini zisome kanuni taratibu. Pigo la mnyemelezi linataka silaha ya ufundi, kama kitara chembamba, au silaha ya kupiga kutoka mbali. Halisemi kwamba silaha hiyo lazima ipigwe kwa Wepesi. Mbabe naye anataka mapigo yake yawe ya Nguvu. Hasemi lazima awe na shoka. Kitara kinachopigwa kwa Nguvu kinawaridhisha wote wawili. Tena mbabe wa ngazi 2 ana uwezo wa kujitosa bila kujali, akirusha dadu mbili za shabaha na kuchukua iliyo kubwa, na faida ya namna hiyo ndiyo hasa mlango ambao mnyemelezi huungoja. Pigo moja linabeba ghadhabu ya huyu na ufundi wa yule. Mlinganishe na mbabe aliyechukua usomi wa uchawi: kanuni zinasema wazi kwamba aliyeshikwa na ghadhabu hawezi kunuiza wala kuendelea kushikilia nuizo lililotangulia. Huyo amenunua fani mbili zinazofukuzana ndani ya nyumba moja.

Halafu kuna nyongeza zisizogusa zamu kabisa, na hizi hudharauliwa kwa sababu hazina kishindo. Msomi wa uchawi hana mafunzo ya kuvaa deraya. Ngazi moja ya ukuhani inampa deraya za kati na ngao, ambazo zinafanya kazi muda wote bila kuuliza zamu ni ya nani. Hapa mpangilio wa ngazi una uzito wake. Mitupo ya kujinusuru ambayo mhusika ana umahiri nayo hutoka kwenye fani ya kwanza tu. Anayeanza kama askari hubaki na umahiri wa Siha maisha yake yote, na Siha ndiyo inayotumika kulishikilia nuizo lililo hewani mhusika anapojeruhiwa: lazima afikishe 10 au nusu ya madhara aliyopata, yoyote iliyo kubwa. Askari aliyeanza hivyo hupata pia deraya nzito. Aliyeingia uaskari baadaye hapewi. Ngazi ni zile zile mbili, matokeo ni tofauti kwa kubadilisha tu ipi ilitangulia.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba zamu ndiyo sarafu halisi umetolewa na watengenezaji wenyewe, katika kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024. Kwa muda mrefu msomi wa uchawi alichukua ngazi 2 za askari kwa sababu moja: askari wa ngazi 2 anaweza, mara moja kabla ya kupumzika, kujipa tendo kuu la pili katika zamu moja. Mikononi mwa askari hilo ni mapigo ya ziada. Mikononi mwa msomi lilikuwa mipira miwili ya moto kabla adui hajapepesa jicho. Kanuni mpya zimeacha uwezo huo palepale kwenye ngazi ya 2, kwa bei ile ile, ila tendo hilo la ziada haliruhusiwi tena kuwa la kunuiza. Shujaa wa kiapo naye amewekewa uzio. Yale madhara matakatifu sasa ni nuizo linalotumia tendo dogo, kwa hiyo hayawezi kumwagwa mara mbili katika zamu moja, na yanagombea nafasi na hila ya mchawi wa kuzaliwa ya kuharakisha manuizo yake, ambayo pia hutaka tendo dogo. Kama tatizo lingekuwa ngazi, wangepandisha bei ya ngazi. Walikwenda moja kwa moja kwenye zamu, na baadhi ya wachezaji waliowahi kufurahia mchanganyiko ule wamelalamika. Mimi naona walirekebisha pale pale palipovuja.

Wapo wanaoamini kwamba wanuizaji wawili wakichanganywa hakuna kinachopotea, kwa kuwa nafasi zao zinajumlishwa. Kuhani 3 na msomi 2 ana nafasi sawasawa na mnuizaji kamili wa ngazi 5, mbili kati yake zikiwa za daraja la tatu. Ila anajua manuizo ya daraja la pili upande wa kuhani na la kwanza upande wa msomi. Anamiliki sufuria kubwa asiyo na chakula cha kuijaza. Anaweza tu kupika kile kidogo ndani yake kwa moto mkubwa zaidi. Tena manuizo mengi mazuri ya pande zote mbili yanahitaji kushikiliwa kwa umakini, na umakini ni mmoja kwa kila mhusika, awe na fani moja au tano. Wingi wa anachokijua haujamwongezea hata mkono mmoja wa kushikia.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni la wale wanaosema basi watu wabaki na fani moja mpaka mwisho, kwa kuwa tuzo kubwa ziko juu kabisa. Ni kweli ziko juu. Msomi wa ngazi 17 ananuiza daraja la tisa na mchanganyaji huchelewa kufika huko, au hafiki kabisa. Lakini kufika ngazi ya 20 kunahitaji pointi za uzoefu 355,000 wakati ngazi ya 5 inahitaji 6,500, na kikundi cha watu wenye kazi na familia kinachokutana mara moja kwa wiki, au mara mbili kwa mwezi, hakipandi mlima huo haraka. Baldur's Gate 3 yenyewe inaishia ngazi ya 12. Mhusika ajengwe kwa ngazi zitakazochezwa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema usichanganye kamwe. Nakubaliana na wanaosema usichanganye kabla ya ngazi ya 5 ya fani yako kuu, isipokuwa kama unachokifuata kinakua na ngazi ya jumla. Lipo jambo la namna hiyo: mwale wa mchawi wa agano huongezeka kufuata ngazi zote za mhusika, ngazi ya 5, ya 11 na ya 17, hata kama ngazi zake za agano ni 2 tu. Malenga anayezichukua mapema hupata silaha itakayokua naye bila kudai ngazi nyingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sehemu yake ni kweli. Mchezo huu si vita tu. Kuna usiku mzima wa kumshawishi mtawala, kuchunguza magofu, kuingia ngome kwa jina la uongo. Huko hakuna raundi wala foleni ya matendo, muda ni mwingi, na upana wa ujuzi unazaa matunda. Ngazi moja ya mnyemelezi inampa mtu zana za kufungulia makufuli na ubingwa katika stadi mbili, na katika mchezo wa fitina na siri hiyo ni mali. Kwa hiyo bei ya zamu hushuka kadiri mapambano yanavyopungua, na mchezaji atafanya vyema kumuuliza mwendesha mchezo mapema ni mchezo wa aina gani unaokuja. Hata hivyo nje ya vita kuna jambo lingine linalopunguza faida ya upana: wenzako. Kufuli hufunguliwa mara moja. Kama kikosi kina mnyemelezi kamili, mfunguaji wa pili atakaa akitazama, na zile ngazi zake zitakuwa zimelala. Kikosi cha watu wanne ni mchanganyiko wa fani tayari, tena wenye zamu nne. Ndiyo maana mchanganyiko unaopendeza kwa wachezaji wawili wasio na kuhani unaweza kuwa wa bure kabisa kwa wachezaji watano.

La tatu ni la hadithi. Anayelitoa husema: mhusika wangu alikuwa askari, nyumba yake ikaungua, akakuta kitabu cha uchawi kwenye majivu, hesabu zako hazinihusu. Zinamhusu, na namjibu kwa heshima kwa sababu anaipenda hadithi yake. Hadithi mezani haiishi kwenye maelezo yaliyoandikwa nyuma ya karatasi. Inaishi kwenye kile mhusika anachokifanya wote wakimtazama. Askari mwenye kitabu cha uchawi ambaye kila zamu anapiga upanga kwa sababu uchawi wake ni dhaifu mno, wenzake hawatamjua kuwa ni mchawi. Na fani si njia pekee ya kumfikisha anakotaka. Askari mwenyewe, anapofika ngazi ya 3, huchagua tawi la fani yake, na mojawapo ya matawi hayo ni la askari anayenuiza. Tumpeleke huko huyo mwenye kitabu, kwa kanuni za 2014, halafu tuandike zamu zake tatu za ngazi ya 5 pembeni mwa zile za askari 3 na msomi 2 tuliyeanza naye, tuseme yule hakulichagua tawi hilo. Wote wawili wana nafasi 3 za daraja la kwanza kwa siku. Yule mwenye usomi hurudishiwa moja kwa mapumziko mafupi. Ana manuizo 8 kitabuni, huyu wa tawi anajua 4. Lakini mwenye nafasi 3 au 4 hamalizi manuizo 8 kwa siku moja hata akitaka. Katika zamu ya kwanza huyu wa tawi anapiga mara mbili, upanga mkono mmoja, mwingine huru. Adui anapojibu, anainua ngao ya uchawi kwa mwitikio wake na kinga yake inapanda kwa 5 mpaka zamu yake ijayo. Zamu ya pili ni hivyo hivyo. Ya tatu pia, na nafasi ya mwisho inaisha. Katika zamu zote tatu upanga na uchawi vimeonekana mezani. Yule mwingine naye anaweza kuinua ngao hiyo hiyo mara tatu, ila chini yake kuna pigo moja la 7.5 mahali pa mawili ya 8.5.